Mguu Aliomficha Mkwewe

Tangu tumzike mume wangu, situlii. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Natoka kwenda sokoni hapa Bunda, nafika katikati ya njia nasahau nilichokuwa nafuata. Jioni mikono yangu inautafuta mguu wake wa kushoto, kwa sababu kila alipotoka kuoga niliupaka mafuta. Ngozi ya pale ilikuwa ikikauka na kupasuka upesi. Watu walioiona walisema ni kovu tu. Mimi najua tulivyokaribia kuukosa mguu wote.

Alikuwa utingo wa lori la pamba. Mvua ilikuwa imenyesha, lori likakwama matopeni nje kidogo ya Bunda, naye akashuka kuweka jiwe nyuma ya tairi. Lori likarudi nyuma. Mfupa haukuvunjika, lakini tairi lilivuta ngozi kuanzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo, ikaning'inia kama soksi iliyoshuka. Nilipofika hospitali Musoma, daktari alikuwa ameshaisafisha na kuirudisha mahali pake kwa nyuzi.

"Kushona si kazi," aliniambia. "Kazi ni hiyo ngozi kuishi. Mishipa yake imekatika. Ikikosa damu inakufa, na damu ikirudi nayo inaweza kuiunguza kwa ndani. Ikifa yote na uchafu ukaingia, itabidi nikate mguu."

Akanitajia vidonge vya vitamini C na vya vitamini E. Alisema vinasaidia kupoza huko kuungua, ila hakuniapia. Hospitali haikuwa navyo. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameanza kufunguliwa mjini, huku wodini bandeji bado zinafuliwa na kuchemshwa zitumike tena. Nikawa nalala kwa wifi yangu, mtaa wa Makoko, asubuhi natoka kuzunguka madukani, nikipata C nakosa E. Matunda nayo alisema ale kwa wingi. Juu ya yote, mguu ukae juu ya mablanketi yaliyokunjwa, usishushwe kabisa.

Muuguzi wa wodi, mama mmoja wa makamo, alipita mara kwa mara akibonyeza ngozi kwa kidole. Pakiwa peupe halafu wekundu ukarudi, alisema, "Bado tupo." Wekundu ukichelewa, alibonyeza tena, nami nilitoka nje nikazunguka jengo.

Siku moja nilirudi kutoka dukani nikamkuta mama yangu amekuja kutoka Butiama na kikapu cha machungwa na mapera. Mama na mume wangu hawakuwahi kula chumba kimoja. Wakikutana njiani, yeye aliingia majanini mpaka mama apite. Ndivyo tulivyolelewa. Sasa nikamwona mume wangu ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu yote chini, amejifunika shuka mpaka vidoleni, anatazama dirisha. Mama amekaa kwenye benchi, amempa mgongo nusu, wanaulizana habari za mifugo taratibu kabisa, kama watu wenye muda.

Muuguzi akaingia, akafunua shuka. Mguu ulikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva.

"Nani amekuambia ushushe mguu?"

"Mkwe amekuja, sista."

"Mkwe auone, au daktari aukate. Chagua."

"Kwetu hatumnyoosheagi mkwe mguu."

"Na kwenu mnatembeaga na mmoja?"

Mzee wa kitanda cha pili akacheka. "Mwache, sista. Akibaki na mmoja, hatamnyooshea tena mtu."

Mume wangu hakucheka. Alipougeuza uso, mama alikuwa ameshatoka bila kuaga. Nilimkuta nje, amesimama juani.

"Nimemuua?"

"Hajafa, mama."

"Basi siingii tena humo. Mwambie anyooshe huo mguu mpaka ufike darini."

Hakurudi Butiama. Kila siku aliketi nje ya wodi akimenya machungwa, mimi nayaingiza ndani, narudi na makapi. Nilikuwa natembea kati yao wawili kutwa, miguu inawaka moto. Vidonge vya C mume wangu alivitafuna amefumba macho, akisema vimetengenezwa na adui wa meno.

Sehemu ya chini, upande wa nje, ikageuka nyeusi. Daktari akasubiri hadi mpaka wa weusi ukaonekana wazi, akaikata iliyokufa, akaziba kwa ngozi ya paja. Iliyobaki ilikuwa ya moto mkononi mwangu kama ngozi ya mtu yeyote. Nilimwuliza daktari kama ni vidonge vilivyoiokoa.

"Sijui," alisema. "Ana mguu mmoja tu ulioumia. Sina wa kulinganisha."

Nikatoka kumwambia mama kwamba mguu haukatwi, ila kipande kimekufa.

Aliendelea kumenya. "Hicho kilichokufa, ni kwa sababu ya siku ile niliyokuja?"

Ningeweza kusema hapana. "Sijui, mama. Daktari naye hajui."

Alinipa chungwa, akakung'uta maganda kwenye kanga yake, akasema anawahi gari la Butiama. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Gari lilipoondoka, nilirudi mbio wodini, nikainua shuka, nikabonyeza kwa kidole.