Afisa wa ruzuku na chenji ya uji

Leo nimecheka mpaka nikakaa chini 😂

Shule yetu hapa mtaa wa Lindi imeomba ruzuku ya masomo ya ziada ya jioni. Lakini ni ile ya kurudishiwa: unatumia pesa yako kwanza, unapeleka risiti, halafu unangoja.

Leo afisa wa hao wafadhili akaja kukagua. Kila kitu kilikuwa sawa, mpaka tukafika kwa uji wa watoto.

"Mwalimu, risiti ya uji iko wapi?"

Nikamwonyesha Mama Achieng', anayetuuzia uji, pale getini na sufuria yake. Huyo atoe risiti wapi, jameni?

"Bila risiti hatuwezi kurudisha hiyo pesa."

Mama Achieng' alikuwa anasikia yote.

Kumbe njaa imemshika afisa. Akaagiza kikombe kimoja, akakimaliza, akatoa noti ya elfu. Mama akaifunga kwa leso, pole pole.

"Sina chenji, kijana yangu. Utarudishiwa."

"Lini?"

"Kwani umeleta risiti?"

Wueh! Watoto wakaangua kicheko. Afisa mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani.

Mimi nikamsogezea benchi. "Karibu, tungoje pamoja."

Mwenye chenji ya elfu hapa Lindi ajitokeze. Lakini asikimbie na hiyo noti 😂