Kidole cha Zimwi

Usiku ule redio ilikuwa ikisoma kura, mimi nikisikiliza mlango. Mume wangu Shiundu, fundi wa viatu, alikuwa amekwama Kabiro, kule Kawangware, na simu yake ilikuwa imezima. Chumbani kwetu, mtaani Kambi Muru, tulikuwa mimi, watoto wangu Sella na Austin, na jirani yetu Wanza, mama wa Kitui anayeuza ndengu. Watoto humwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba.

Susu alidai hakuja kunifariji, eti kwake mende wamezidi. Lakini alipoona Sella ananuna kutaka kulia, alizima redio yangu bila kuniuliza, akaanza hadithi ya zimwi lililomeza kijiji kizima, akabaki mama mmoja na shoka lake.

Hadithi hiyo tunaijua sote. Kila Susu akiisimulia, Shiundu humharibia. "Kwetu Kakamega haiko hivyo. Hilo shoka lilikuwa panga." Naye Susu humwambia, "Wewe kula ugali wako unyamaze." Ila hamwanzii mtu hadithi kabla Shiundu hajaketi.

Usiku huo hakukuwa na wa kumbishia. Susu alikuwa akifika pale pa kukatizwa, anatua kidogo, kisha anaendelea.

Mlango ukagongwa.

"Mama Sella, fungua."

Sauti ilikuwa nzito, inakwaruza kama bati linaloburutwa. Haikuwa ya Shiundu. Na jana yake tu mtu alikuwa amebisha nyumba ya pili akijiita shemeji. Waliofungua wakabaki bila godoro wala sufuria, na baba wa nyumba bila meno ya mbele.

Austin alirukia komeo akalikumbatia. "Msifungue! Ni zimwi! Limemeza makaa ya moto lilainishe sauti!"

"Basi halijalainika," Susu akasema.

"Ni mimi bana! Wamechoma matairi njia nzima, moshi umenikaba koo!"

"Kila zimwi lina sababu zake," Susu akajibu.

Niliweka mkono kwenye komeo, nikauondoa, nikaurudisha. Susu akanivuta nikae, kisha akapaza sauti isikike hadi nje.

"Basi wanangu, yule mama akalipasua zimwi kwa shoka, likafa. Hadithi imekwisha. Laleni."

Watoto walimkodolea macho. Nani asiyejua kwamba zimwi likikata roho huomba likatwe kidole cha mwisho, na humo hutoka kijiji kizima, watu na mbuzi wao? Sella akafungua mdomo. Susu akamziba kwa leso.

Nikatega sikio mlangoni.

Kisha ile sauti mbovu ikapasuka kwa hasira.

"Imekwisha vipi? Na kidole je? Sasa watu watatokea wapi, Susu? Halafu nimekuambia mara ngapi, ni panga!"

Susu alijifuta macho kwa leso ileile, akasonya.

"Mfungulie," akaniambia. "Huyo amekuja kuniharibia."

Nikavuta komeo. Shiundu akaingia na masizi usoni, fundi wa viatu mzima, kiatu mguu mmoja.