Heshima ya Kukaa Mbele

Harufu ya oili iliyoungua haikutoka kwenye nguo zangu msimu ule mzima. Mama alizifua kwa sabuni ya mche, akazianika juani, akaziloweka tena, na bado nikiingia darasani wenzangu walijua nimefika kabla hawajageuka. Ulikuwa msimu wa karanga. Kila Jumamosi Baba alipakia magunia pale kwetu Kigwa kuyapeleka Tabora mjini kwa lori lake la petroli, kuukuu, ambalo injini yake ilikaa ndani kabisa, kati ya kiti cha dereva na cha abiria, chini ya mfuniko wa bati. Mama ndiye aliyeziuza karanga sokoni, na mimi, Tausi, nilikwenda kumshikia mdogo wangu Zuhura, kichanga ambaye hata shingo ilikuwa haijakaza. Kiti changu kilikuwa ule mfuniko, juu ya blanketi lililokunjwa, makalio yakiungua njia nzima.

Wanawake wengine wa Kigwa walipanda juu ya magunia. Walifunga khanga vichwani, wakala upepo, wakapiga soga na kucheka mpaka mjini, na sisi huku chini tuliwasikia. Lakini mke wa mwenye lori hakai juu ya magunia. Mke wa mwenye lori anakaa mbele, vioo vimepandishwa vumbi lisimchafue, na kila anayemwona ajue ameolewa na mtu. Wenzake walimwita Mama wa Mbele, na Baba alilipenda jina hilo kuliko Mama mwenyewe. Kitasa cha mlango wake kilikuwa kimekufa, kwa hiyo akishaingia Baba aliufunga kwa waya kutoka nje. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe, kufungiwa kwa waya na mtoto mapajani. Nami wakati ule nilidhani ndivyo wake wa watu wanavyopendwa.

Injini inapumua. Sikulijua hilo, nimekuja kuelezwa ukubwani. Moshi kidogo hupenya kwenye pistoni na kushuka chini kwenye oili, na ni lazima upate pa kutokea. Kwenye lori letu ulipitia mpira mmoja mweusi uliotoka juu ya injini hadi pale inapovutia hewa, ukanyonywa humo na kwenda kuungua upya. Mpira ule ulikuwa umepasuka, kwa hiyo moshi tuliuvuta sisi. Zuhura alikohoa kikohozi kikavu, cha mtu mzima. Mama alilalamika kila wiki. Fundi wa mjini naye alisema mpira ubadilishwe, basi, hakuna dawa nyingine. Baba akaona fundi anataka kumla hela tu. Akauvua mpira, akaliziba kwa boliti tundu la upande wa kuvutia hewa, na lile la juu ya injini akaliziba kwa gunzi la mahindi alilolizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Akawasha. Moshi hakuna. Akamgeukia Mama na kumuuliza kama sasa ameridhika.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumekiacha kijiji nyuma, msitu pande zote, injini ilipoanza kuguna. Moshi ulionyimwa njia yake ulitengeneza nyingine. Ulikisukuma nje kijiti cha kupimia oili, oili ikaruka ikamwagikia ekzosi, na ghafla mle ndani sikuuona hata uso wa Mama. Baba alisimamisha lori, akaruka chini, akanivuta nishuke upande wake. Halafu, badala ya kuzunguka akamfungulie Mama, akainua mfuniko wa injini atazame kilichoharibika, na moshi wote ukapanda. Sasa kati ya Mama na mlango wa dereva kulikuwa na injini inayochemka.

"Baba Tausi, fungua mlango," Mama alisema.

"Subiri nione kwanza."

"Mtoto hapati pumzi. Fungua."

"Tulia bwana. Watu wanatuangalia."

Mama alikishusha kioo, nacho kiliishia nusu. Akampitisha Zuhura pale juu, akapokewa na mwanamke aliyekwisha kuteremka kutoka kwenye magunia. Mwenzake akausokota ule waya kwa vidole mpaka ukakatika. Mama alitoka akikohoa na kutema mate meusi. Hakumtazama Baba. Alimpiga Zuhura mgongoni taratibu mpaka akalia kilio cha kueleweka, akamfunga kwa khanga, akakanyaga tairi na kupanda juu ya magunia.

"Karibu kwetu, Mama wa Mbele," mmoja alimwambia. "Huku hatuna mlango."

"Shuka," Baba alisema.

"Endesha," Mama alijibu.

Baba alichomoa gunzi, akaongeza oili, akaendesha. Mimi nilirudishwa ndani, kwenye kiti cha Mama, maana lazima mtu akae mbele. Njia nzima nilivuta moshi nikimsikia Mama akicheka kule juu, cheko ambalo nyumbani sikuwahi kulisikia. Mpira mpya ulinunuliwa wiki hiyohiyo. Mama hakurudi kukaa mbele, hata shangazi zangu walipokuja kumwambia anamdhalilisha kaka yao. Jumamosi zote zilizobaki kiti kile kilikuwa changu.

Leo naishi Itetemia, Tabora mjini, nina mtoto anayenyonya, na cheti changu cha kidato cha nne sijakifanyia kazi hata siku moja kwa sababu mume wangu anasema mke wake hawezi kuhangaika. Ananipeleka kliniki kwa gari na kunirudisha kwa gari. Ni gari zuri, lina kiyoyozi, milango inajifunga yenyewe likianza kutembea. Nikimwambia nataka kushuka nitembee, nifike sokoni peke yangu, nitafute kazi, ananiuliza kwa upole kabisa: kwani humu ndani kuna nini? Nami nafunga mkanda. Mama alikuwa na moshi wa kuwaonyesha watu.