Kompyuta Niliyoichagua kwa Kilo

Bandugu, aibu hii ningeifukia mita mia chini ya ardhi, lakini huku Kolwezi vijana wanachimba kila mahali, kwa hiyo heri niitoe mwenyewe kabla hawajaifukua.

Jirani yangu hapa Kapata, Mama Ngoie, anakula kwa kuchapa programu za harusi, na kompyuta yake ni ya zamani hivi kwamba ikiwaka kuku wa mtaa mzima wanashtuka. Siku hizo taa ikikonyeza kidogo tu, kompyuta ilikuwa inazimika na kumeza ukurasa wote, na harusi ya Jumamosi ilikuwa kubwa, bwana harusi anatoka Dilolo, kule mpakani na Angola, na familia yake ilisema wazi kwamba Ijumaa wakifika bila kukuta programu, kazi inakwenda kwa wachapaji wa mjini. Ukikosa harusi kama ile, Kapata hakuna atakayekuletea nyingine.

"Tata Mwepu," akaniambia asubuhi ya Ijumaa, "weye ulisoma. Unisaidie kuchagua ingine."

Kusoma nilisoma, nina diploma ya masomo ya jioni (kompyuta tulichorewa ubaoni kwa chaki, maana ile ya shule ilifungiwa mu ofisi ya mkuu, lakini ubao ulikuwa mkubwa). Nikamwambia kioo na klavye yake ya kuchapia ni vizima, tununue sanduku tu, ndimo akili yote inamokaa. Na njiani tukienda madukani Manika nikampa sheria moja: "Mama, mu duka hapana kuuliza kitu. Ukiuliza banajua haujui, bei inapanda." Kasheria kadogo hako, bandugu, ndiko kaliniua.

Dukani masanduku meusi yamejipanga ukutani, nami nikafanya kama tunavyofanya huku na jiwe la shaba, nikainua moja moja, maana jiwe jepesi ni udongo, jiwe zito liko na teneur, yaani shaba imejaa ndani, hata mtoto anayenyonya anajua hilo. La kwanza jepesi, nikacheka. La pili jepesi, nikamhurumia muuzaji. Lile la kando, dogo kuliko yote, nusura uti wangu wa mgongo ubaki dukani!

"Tata, munachukua hii tu?" muuzaji akauliza. "Hii peke yake?"

"Peke yake. Ingine yote iko ku nyumba."

Bei ikatoka chini kuliko tulivyoogopa, nikajiona fundi wa dunia, nikalipakata juu ya pikipiki ya taxi-moto nikiimba mpaka Kapata. Vijana waliotoka machimboni wakaliinua mmoja mmoja, wakatikisa vichwa: "Tata, hii iko na teneur!" Kabla sijachomeka waya, chumba kilijaa, dirisha lilijaa, nami nikatoa hotuba.

Nikatafuta tundu la waya wa kioo. Hakuna. Nikaligeuza, hakuna. "Ni ya kisasa," nikatangaza, "haitaki waya." Nikabonyeza. Pii! Taa ya kijani! Makofi yakatikisa mabati, bandugu, nyumba karibu iruke. Kioo, giza tupu. "Inafikiri," nikawaeleza.

Mama Ngoie akaninong'oneza, "Tata Mwepu, batu ba Dilolo banafika leo. Itafikiri mpaka saa ngapi?"

Hapo hapo umeme ukakatika (mnaujua umeme wetu), na lile sanduku likaanza kulia, pii, pii, pii. Kitu gani kinalia bila umeme?

"Itapasuka!" nikapiga kelele, na mimi mwenye diploma nikawa wa kwanza kutoka, dirishani, juu ya vichwa vya watu, nikatua kwa makalio ndani ya beseni la mihogo iliyolowekwa (harufu yake mnaijua).

Nikainua macho. Mbele yangu, kitenge kipya cha harusi, shangazi wa bwana harusi, ametoka Dilolo. Akanitazama, akasikiliza ile pii, akaingia ndani bila haraka, akabonyeza mara moja. Kimya.

"Nani alinunua onduleri?" akauliza. "Hii tuko nayo ku duka yetu. Ni batri ya kushikilia umeme ukikatika. Kompyuta iko wapi?"

Wote walinitazama mimi, nikidondosha mihogo. Halafu kikalipuka kicheko ambacho nadhani Angola walikisikia.

Mama Ngoie peke yake hakucheka. Alikuwa ameshaketi mbele ya kompyuta yake kuukuu. "Kama inashikilia umeme," akasema pole pole, "ishikilie hii."

Tukaichomeka kompyuta yake kwenye lile sanduku. Ikawaka, mtaa ukiwa giza! Umeme ukarudi, ukakatika, ukarudi, nayo haikukonyeza hata jicho. Kumbe haikuwa inakufa kwa uzee, ni umeme wetu uliokuwa unaikaba koo kila siku. Programu zikatoka zote, shangazi akazikunja kwa mkono wake, akasema, "Mama, na harusi ya mutoto wangu utachapa weye."

Tangu siku ile Kapata nzima inaniita Tata Teneur, na mimi nimeapa kuuliza, hata nikinunua chumvi nauliza: mama, hii ni chumvi? Juzi Mama Ngoie aliniomba twende kuchagua friji. Nimemjibu nitakwenda, mikono ikiwa mfukoni, na shangazi wa Dilolo akiwa mbele.