Mibarika Kwenye Miti ya Shangazi

Kampuni ilipokuja Kakuma kupanda mibarika, ile ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kuendeshea malori, niliajiriwa kuwa mkalimani. Nilikuwa nimemaliza shule Lodwar na kukaa nyumbani muda mrefu, kwa hiyo nilishukuru Mungu. Sikujua kwamba shamba lingepimwa kando ya laga, mto wetu mkavu, mahali palipokuwa na miti ya shangazi yangu.

Kwetu, migunga ya ukingoni mwa laga ina wenyewe. Hurithiwa kama mifugo, na kiangazi kikikaza, maganda yake ya mbegu ndiyo huwaweka mbuzi hai. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto. Alikuwa na mbuzi na ile miti, basi.

Siku ya mkutano wa kampuni na wanakijiji alisimama akaniambia kwa Kiturkana, "Muulize, mkikata miti mbuzi wangu watakula nini?"

Meneja, mtu wa Nairobi, alicheka. "Mwambie awachinje wote apumzike. Mbuzi wenyewe ni mifupa tu."

Nikasita. Shangazi akanishika mkono. "Acha, mwanangu. Kiswahili cha matusi nakijua."

Walileta misumeno ya mashine. Shangazi aliketi mchangani akitazama mpaka mti wa mwisho ulipoanguka, kisha akaenda zake.

Mvua ikakataa. Nchi nzima ikawa vumbi, lakini mibarika ilikuwa na pampu yake, ikanawiri. Asubuhi moja mbuzi wa shangazi walipenya kwenye ua wa shamba, wakala majani na mbegu. Mbarika ni sumu. Jioni walikuwa wanaharisha damu. Kesho yake asubuhi wengi walikuwa wamelala katikati ya mistari ile ya kijani, wengine bado wakitupa miguu.

Siku hiyo meneja alikuwa na wageni. "Sitaki waone mizoga," aliwaambia walinzi. "Mwenyewe awatoe, na apitie nyuma."

Shangazi akawatoa, mmoja mmoja, akiwaburuta kwa miguu. Walinzi walisimama tu. Mmoja alimrekodi kwa simu, akimwigiza anavyohema, na wenzake wakacheka. Nilishindwa kuangalia. Nikaenda nikashika miguu ya beberu mkubwa.

"Wewe!" meneja akaita. "Ukimsaidia, kazi huna."

Sikuiachia ile miguu. Yule beberu hakuwa amekufa. Tulipokuwa tunamvuta aliinua kichwa akalia, shangazi akamfunika macho kwa kiganja chake. Magari ya wageni yakatupita, na mama mmoja mwenye miwani mieusi akatupungia mkono.

Baadaye kampuni ikasema mafuta yanayopatikana ni kidogo mno, ikang'oa pampu na ua, ikaondoka. Haikupanda mgunga hata mmoja. Mibarika ikakauka imesimama.

Siku hizi shangazi hukata vijiti vya mibarika hiyo na kuvipeleka kambi ya wakimbizi kuviuza kama kuni. Juzi nilimsindikiza. Mama mmoja Mkongomani alivunja kijiti kimoja, akatikisa kichwa.

"Kuni ya hii muti inawaka mbio, haiivishe maharagi. Rudisha tu, mama."

Lakini alimtazama shangazi tena, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha unga wa mahindi. Shangazi hakungoja kufika nyumbani. Aliketi palepale mlangoni, akamimina unga kiganjani, akaanza kuulamba mkavu.