Ndugu Yangu Katuita Mizigo Redioni, na Sahihi Inayosubiriwa ni Yangu

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, kama sivyo basi pole na kazi. Nifichie jina, ingawa watu wa Busia wakisoma mistari mitatu tu watanijua. Nimechoka hata kujificha.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, Mwislamu, mzaliwa wa Busia upande wa Uganda. Polio ilichukua miguu yangu nikiwa bado natambaa. Nina baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, na kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikivusha bidhaa za watu kati ya Busia hii na Busia ile ya Kenya. Sabuni, mafuta ya kupikia, mayai, vitenge, chochote. Tuko walemavu wengi kwenye kazi hii na tuna chama chetu. Mimi ndiye katibu.

Ndani ya chama tunaitana "mzigo". Zamani kulikuwa na mlinzi mmoja wa mpakani ambaye haangalii mtu, anaangalia katoni tu, halafu anapiga kelele, "Pitisha huo mzigo!" Basi tukalichukua neno tukalifanya salamu. "Mzigo umeamkaje?" "Mzigo niko!" Tunacheka, kazi inaendelea. Ni utani wetu, na utani una wenyewe.

Sasa, ndugu yangu, kitinda mimba wa mama yetu, ni mtangazaji wa kipindi cha asubuhi kwenye redio moja ya huku. Sitaitaja. Ana sauti tamu na mdomo usio na breki. Mama alipofariki nilimlea mimi. Shule ya msingi alikuwa anakwenda amekaa mapajani mwangu kwenye baiskeli. Mwezi uliopita walikuwa wanajadili msongamano wa mpakani, naye akasema hewani, "Ukifika pale Busia usishangae, utaona mzigo umebeba mzigo!" Akacheka mpaka akakohoa. Wasikilizaji wakapiga simu, kila mmoja analirudia.

Tangu siku hiyo hatuna amani. Mtu wa boda akinipita, ni "mzigo umebeba mzigo!" Mwenye duka ambaye nimemfanyia kazi miaka na miaka aliniuliza mbele ya wateja, "Mama, sasa nashusha gani, ile ya juu ama ile ya chini?" Nikacheka naye. Mpaka leo najichukia kwa kicheko kile.

Mimi ngozi yangu imekuwa ngumu. Lakini yuko Athieno, binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Mukuju, miguu yake kama yangu. Kwao walikuwa wamemfungia ndani. Mimi ndiye niliyekwenda kumbembeleza mama yake, nikaapa kwamba mpakani mtu anaheshimiwa kwa kazi yake. Alikuwa na miezi minne tu kazini. Wiki ile ile ya redio akarudi kwao. Nilipompigia simu akaniambia, "Mama, hata huku wananiita mzigo, lakini huku wanasema chinichini." Baiskeli yake iko kwenye ofisi ya chama, tumeifunika turubai.

Nikamwita ndugu yangu nyumbani. "Dada, ile ilikuwa utani tu," akasema. "Si kila mtu iko na haki ya kusema? Leo mnafunga mimi mdomo, kesho watafunga nyinyi." Nikamwambia haki ya kusema ipo, ila sisi hatuna redio ya kukujibu. Akaniaga vizuri, nikadhani ameelewa. Kesho yake akaomba radhi hewani: "Kama kuna mzigo imekwazika, basi itusamehe." Wenzake studio wakaangua kicheko.

Hapo chama kikasimama. Mwenyekiti wetu, mzee wa upande wa Kenya, akasema, "Hatutaki pole ya mdomo. Huyo kijana atoke hewani na asirudi." Barua kwa wakubwa wa kituo imeshaandikwa. Inasema mtangazaji aliyatunga maneno yale kwa makusudi ili atudhalilishe. Wote wametia sahihi au dole gumba, nimebaki mimi. "Tunajua huyo ni damu yako," mzee aliniambia, "lakini bila ya katibu watasema tumegawanyika."

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Ndugu yangu hakuyatunga maneno yale. Niliyatunga mimi.

Miaka kumi na mitano iliyopita nilikuwa na mimba ya binti yangu, tumbo linagusa usukani, na majirani wananong'ona kilema kama huyu atazaaje. Nikaingia nyumbani nalia. Ndugu yangu alikuwa darasa la tano, akaogopa kuniona vile. Nikajipigapiga tumbo nikamwambia, "Usijali mdogo wangu, ni mzigo umebeba mzigo." Tukacheka mpaka machozi yakabadilika. Ikawa kauli ya nyumba yetu, ya mapenzi kabisa. Juzi nilipomwambia kuhusu barua, hakubisha sana. Alisema tu, "Dada, mimi sikujua ni matusi. Hiyo maneno nilipata kwako, na ulikuwa unacheka."

Jumatatu barua inapelekwa. Nikitia sahihi, namfukuzisha kazi mtoto niliyemlea, tena kwa uongo. Nikikataa, wenzangu watasema nimechagua damu, na kusema kweli aliwaumiza, wana haki ya kumshtaki. Na nikiwaeleza ukweli, Athieno atajua kwamba neno lililomrudisha ndani lilitoka kinywani mwa yule yule aliyekwenda kumtoa.

Wapendwa, msinitukane, matusi nimeshiba. Nimekaa na kalamu hapa, mkono hauendi. Nyinyi mngekuwa mimi, mngefanya nini?