Mkono wa Fundi

Kwa miaka sita fundi cherehani hakukosa mkutano wa mtaa hata mmoja. Alivaa shati lililonyooshwa vizuri, akaketi mstari wa mbele, na wakifika kwenye "mengineyo" alisimama kuusemea mtaro. Ulikuwa umeziba mbele ya duka lake, na kila mvua iliponyesha maji yaliingia ndani yakaloanisha vitambaa vya wateja. "Tumekusikia, fundi," mwenyekiti alimjibu, na watu kumi na wawili waliokuwepo wakapiga miayo, wakaenda zao.

Mwaka wa saba akajitokeza shemeji yake, msusi, mke wa mdogo wake. Hakuwahi kuwa na habari na mikutano. Lakini saluni yake haikaukiwi watu, na huko, kichwa kimoja baada ya kingine, aliwauliza wanawake kero zao, na wengi wakautaja mtaro uleule. "Njooni Jumamosi," aliwaambia. "Mkiona haya, nitawasemea. Nikikosea, nirekebisheni palepale." Wakaja. Viti vikaisha, wengine wakakalia madirisha.

Fundi alipogeuka na kuuona umati ule, roho ilimuuma. Alijidanganya kwamba ni joto la chumba. Joto gani! Ulikuwa wivu mtupu. Miaka sita ameita watu, kaambulia miayo, na huyu wa juzijuzi, asiyejua hata ajenda ni mdudu gani, katibu anaandika kila neno lake!

Mwaka huo halmashauri ingefanya kazi moja tu mtaani: taa za barabarani au mtaro. Msusi akasimama akautetea mtaro kwa maneno machache, tena vizuri kuliko fundi alivyowahi kuutetea. Nusu ya ukumbi ikalipuka kwa makofi. Fundi akauona mtaro wake ukichimbwa na watu wakimshukuru shemeji, naye kasahaulika kama kipande cha kitambaa kilichobaki. Mwenyekiti alipoomba mikono ya taa, wa kwake ukawa juu.

Mikono ya taa thelathini na mmoja, ya mtaro thelathini.

Wiki ya tatu mvua ikamwagika, maji yakamwingilia dukani hadi kwenye kanyagio la cherehani. Siku ya mkutano uliofuata alikwenda mapema, safari hii akiwa amejiandaa kuomba suala lirudishwe mezani. Alikuta watu kumi na wawili. Wanawake hawakuonekana, na msusi mwenyewe hakuja.

Kesho yake akajikokota hadi saluni. Shemeji yake alikuwa akimsuka mteja, wala hakuinua macho.

"Shemeji, jana mlitutupa."

"Wenzangu wamekataa. Wanasema waliacha shughuli zao, wakaja, na mwenye mtaro mwenyewe akaupinga. Wanauliza walikwenda kufanya nini."

Kumbe walimwona. Fundi alihisi masikio yakiwaka moto.

"Wasihi, shemeji. Wewe ndiye wanayemsikiliza." Akavuta stuli, akaketi. "Mimi sijawahi kusikilizwa hivyo."

"Kwa hiyo niwaambie nini?"

Alitaka kusema alikosea kuinua mkono, au hakusikia vizuri. Mteja alikuwa ameshageuza shingo kumtazama.

"Waambie nilikuonea wivu."

Msusi akafunga msuko, akachukua fungu jingine la nywele.

"Hilo wanalijua, shemeji. Wanachotaka kujua ni kama utarudia."